Prosesa Iliyogoma Mzee Njiku Akiwepo

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kwenye ukumbi wa sinema wa Singida saa moja asubuhi, nimevaa sketi mpya niliyoshonewa kwa ajili ya ofisi. Barua ya shirika la filamu ilisema "fundi mwanafunzi, sauti", nami nikadhani sauti hukaa ofisini. Nikapelekwa nyuma ya jengo, kwenye ngazi ya chuma iliyosimama wima. Juu yake kulikuwa na chumba cha mashine, na ndani yake alikuwemo Mzee Njiku, opareta wa ukumbi ule, anakunywa chai ya rangi. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akaitazama sketi yangu, akasema, "Kesho vaa suruali, binti. Huku tunapanda na kushuka."

Wakati ule hakuwa mzee hata kidogo, ila kila aliyeishi na mashine zile aliitwa mzee mapema. Mashine zilikuwa mbili, kila moja imenizidi kimo, zimetazama vidirisha vya kioo vilivyoelekea ukumbini. Filamu moja huja katika rili tano au sita, yaani magurudumu ya mkanda, na rili moja huenda dakika ishirini hivi. Mashine ya kwanza ikikaribia kumaliza, ya pili inapokea, na mwenye tiketi kule chini hapaswi kujua kwamba kuna kupokezana. Nikamuuliza sauti iko wapi.

Akachukua kipande cha mkanda mbovu, akakinyanyua kwenye mwanga wa dirisha. Katikati kuna picha. Ubavuni mwa picha kuna mistari miwili myembamba iliyopindapinda, na hiyo ndiyo sauti: taa hupenya kwenye mistari, kisha kifaa kidogo kiitwacho seli hugeuza mwanga ule kuwa umeme, na umeme huenda kwenye amplifaya. Nje zaidi, kwenye kingo, kuna matundu yanayoshikwa na meno ya mashine ili mkanda uende.

"Picha usiiguse," alisema. "Mistari ya sauti usiiguse. Huku kwenye matundu ni njia ya meno tu, hapana kitu."

Nilimuuliza maswali mpaka saa sita mchana. Nilizaliwa hivyo, nyumbani kwetu Mgori mama alikuwa akinipa kazi ya kutwanga ili mdomo upumzike. Mzee Njiku hakunichoka. Pale asipojua alisema hajui, na kesho yake aliniuliza kama nimepata jibu.

Kuna jambo moja alilonifundisha ambalo halikuwemo katika kitabu chochote cha mashine. Miezi ya upepo, Singida hukauka mpaka midomo ya watu inapasuka, na mkanda nao hukauka. Unalia ukipita kwenye mashine, unanasa, unakatika, na ukumbi mzima unapiga miluzi. Yeye alikuwa na kitambaa cha flana na kichupa cha mafuta ya alizeti aliyoyachuja mara mbili. Mkanda ukifika, aliukagua mezani kuanzia mwanzo hadi mwisho, na huku anaukagua alipitisha kile kitambaa kwenye kingo tu, juu ya matundu, kwa tone moja kwa kila rili. Kazi hiyo aliiita kulainisha. Mikanda iliyokuwa ikikatika mara nne kwa onyesho moja ikawa inapita salama. Niliipenda mbinu hiyo kuliko yote niliyosomea chuoni.

Baada ya miaka miwili shirika lilinihamishia Dodoma, chini ya Mkuu wa Karakana, bwana mmoja mwembamba aliyechukia neno "labda". Mara ya kwanza alinikuta nimefungua amplifaya iliyokuwa kimya, vipande vimetapakaa mezani.

"Umeanzia wapi?" akauliza.

"Kwenye amplifaya, mkuu. Labda ndiyo mbovu."

"Mimi usinitafutie kibovu. Nitafutie kizima. Anza kwenye taa ya sauti, njoo nayo hatua kwa hatua. Utakapofika mahali uzima unaishia, kibovu kitakuwa kimejitaja."

Tulikuta seli imelegea, na amplifaya ilikuwa nzima. Niliirudishia vipande vyake kimya kimya. Mbinu ya bwana yule imenilisha maisha yangu yote, hata kwenye pasi na redio.

Kutoka Dodoma nilitumwa kwenye kumbi za Tabora na Shinyanga, kutengeneza na kufundisha. Kila nilikokwenda nilipeleka kitambaa cha flana na mafuta ya alizeti. Niliandika somo la kulainisha kingo kwenye karatasi za mafunzo, likachapwa chini ya sahihi yangu, na Mkuu wa Karakana akalipiga mhuri. Sikuandika kwamba limetoka kwa Mzee Njiku. Nilijiambia kwamba karatasi za shirika haziandikwi majina ya watu, na nilipoona watu wananishukuru mimi, sikusumbuka kuwasahihisha.

Kisha zikaja zama za ruksa, kila mtu akaruhusiwa biashara. Maduka yakajaa, mabanda ya video yakaota kila kona, na mtu mwenye deki na televisheni moja akawa anatunyang'anya watazamaji. Shirika likapunguza wafanyakazi, na mwishowe likapungua lenyewe. Nilirudi Singida, nikapanga kibanda Utemini, nikawa fundi redio. Kumbi za sinema zikauzwa kwa watu binafsi. Ule wa Singida, pamoja na wa Tabora, ulinunuliwa na mfanyabiashara wa mjini, mtu ambaye babu yake alitoka Kigoma na bibi yake Tanga, mwenye maduka ya vipuri na mitumba. Alitaka aitwe Mkurugenzi, nasi tukamwita hivyo. Mzee Njiku alinunuliwa pamoja na jengo, kama alivyopenda kutania.

Mkurugenzi hakuwa mjinga. Aliona kwamba video haiwezi kushindwa kwa bei, ila inaweza kushindwa kwa sauti. Akaenda Dubai akarudi na prosesa ya sauti ya kidijitali, iliyotumika lakini safi, na akanifuata kibandani kwangu kunipa mkataba wa kuifunga hapa na kuitunza, pamoja na mashine za Tabora.

Nisahihisheni, vijana, kama nakosea, maana ninyi sauti hizi mmezaliwa nazo. Prosesa ni sanduku la chuma lenye kidirisha cha namba. Sauti ya kidijitali haichorwi kwa mistari. Inachapwa kwenye mkanda kwa viraba vidogo mno, vyeusi na vyeupe. Juu ya kila mashine hufungwa jicho lenye taa nyekundu, linavisoma viraba hivyo, na prosesa inavigeuza kuwa sauti, ikigawa hii kwa spika za mbele, hii kwa za pembeni, hii kwa za nyuma. Namba ya kidirishani inaonyesha jicho linavyosoma kwa taabu. Mbili au tatu ni nzuri. Nane ni mbaya. Ikishindwa kabisa, prosesa haizimi. Inarudi kimya kimya kwenye ile mistari miwili ya zamani, spika za pembeni na za nyuma zinakufa, na sauti inabaki mbele peke yake, nyembamba.

Niliifunga kwa wiki nzima. Nikatia mkanda wa majaribio uliokuja nayo, namba ikasimama mbili. Mkurugenzi akatembea ukumbini mikono mgongoni, anatabasamu. Mkanda wa kwanza wa filamu ya Kihindi ulipofika na kuonyeshwa, namba ikaanza sita, ikapanda nane, na kabla rili ya kwanza haijaisha spika za nyuma zikafa.

Nilifurahi, na leo nakiri. Nilikuwa nimechoka na redio za mkulima. Nikamkumbuka Mkuu wa Karakana, nikaanza kutafuta kizima. Umeme wa mji ulikuwa unapanda na kushuka, nikafunga stabilaiza. Waya wa ardhi ulikuwa umechomekwa kwenye udongo mkavu, nikawa naumwagilia maji kila asubuhi, watu wanaopita wakidhani nimepanda mchicha. Nikabadilisha kapasita zilizovimba. Kila mara mkanda wa majaribio ulitoa mbili, na kila mara filamu ilitoa nane. Nikisafisha kioo cha jicho kwa spiriti, namba inashuka hadi tatu kwa dakika kumi, kisha inapanda tena. Nikaandika kwenye daftari: vumbi. Nikaziba dirisha kwa gazeti na kupiga deki mara mbili kwa siku, na filamu ikaendelea kutoa nane.

Wiki ya tano Mzee Njiku akafiwa na dada yake huko Mkiwa, akaenda msibani siku tatu. Siku hiyohiyo ukaja mkanda mpya kutoka Dar es Salaam, na basi lilichelewa mno. Nilikuwa peke yangu. Nikatoa rili kwenye kasha nikazivisha mashine bila hata kuzikagua. Namba ikasimama tatu, ikabaki tatu mpaka filamu ikaisha. Watu walitoka wamekamatana mikono, wanaongea kwa sauti. Mkurugenzi alipanda ngazi ile ya chuma kwa mara ya kwanza tangu anunue jengo.

"Umeirekebisha?" akauliza.

"Sijaigusa, Mkurugenzi."

Akafikiri. Alikuwa mtu wa kuunganisha mambo haraka. "Na leo Njiku hayupo."

Mzee Njiku aliporudi, aliuchukua mkanda uleule mezani, akaukagua kama kawaida yake. Onyesho lililofuata namba ikapanda nane.

Kesho yake Mkurugenzi aliniita dukani kwake. "Akiwepo inagoma, asipokuwepo inaongea," alisema. "Mimi si fundi, lakini hilo naliona. Huyu mzee anaogopa mashine itachukua kazi yake. Niandikie ripoti, fundi. Jumamosi asubuhi niione. Uandike kwamba ameihujumu."

"Na nikiandika hivyo?"

"Anaondoka. Na ripoti yako nitaipeleka panapohusika."

Vijana wa leo hamwezi kujua uzito wa neno kuhujumu kwa mtu wa rika la Mzee Njiku. Wakati wa msako wa wahujumu uchumi, watu walitolewa majumbani mwao kwa neno hilo. Alikuwa na miaka ishirini na sita katika chumba kile, hana jambo lingine mjini ila jina lake safi na funguo za mlango ule. Na naona aibu kuandika, lakini mimi mwenyewe nilimshuku. Nilichukua rangi yangu ya kucha nikatia tone juu ya kila skrubu ya prosesa na ya jicho, ili zikifunguliwa nijue. Nikamwamkia asubuhi kama kawaida, akaniuliza kama nimekula, na mimi nikawa naangalia vidole vyake.

Alhamisi nikakagua skrubu. Rangi haikuwa imepasuka hata moja. Nikasafisha kioo cha jicho kwa pamba, pamba ikatoka nyeusi kama siku zote. Nilikuwa nimeiweka mezani karibu na chuma cha kulehemu, na kikaigusa. Ukapanda moshi mdogo, na chumba cha mashine kikanuka jikoni, mandazi kabisa.

Nikaketi chini. Vumbi la Singida nalijua harufu yake tangu utoto, na halinuki mandazi.

Kitabu cha prosesa kilikuwa na mchoro, nimeuangalia mara ishirini, unaonyesha mahali viraba vinapochapwa. Vinachapwa kati ya tundu na tundu. Hilo nililijua. Nilijua pia kwamba kingo za mkanda zinapakwa mafuta, maana nilishazipaka mimi kwa miaka. Mambo hayo mawili yalikaa kichwani mwangu kama wapangaji wa nyumba moja wasioamkiana. Mkanda wa majaribio haukuwahi kulainishwa kwa kuwa uliitwa mkanda wa fundi, na Mzee Njiku hakugusa vya watu.

Alikuwa mezani anaunga mkanda. Nikamwekea kioo cha kukuzia, nikaweka chini yake ukingo wa mkanda niliousafisha kwa spiriti.

"Mzee, hebu tazama kati ya matundu."

Aliinama. Alikaa pale muda mrefu, anasogeza mkanda taratibu kwa kidole.

"Kuna maandishi," alisema.

"Ndiyo sauti yenyewe."

"Sauti imehamia huku?"

"Imehamia huko."

Nilitegemea atashtuka au atakasirika. Akavuta mkanda mwingine, ule aliokwisha kuulainisha, akauweka karibu ili alinganishe. Viraba vya huu vilikuwa vimefunikwa na utando wa mafuta na vumbi lililogandia humo. "Lo," akasema polepole. "Mimi napaka huku kwa sababu hapakuwa na kitu. Kumbe wenzetu nao wameona hapana kitu, wakapanga." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Mkurugenzi anasemaje?"

Nikamwambia yote, pamoja na neno lenyewe. Nikamwambia na habari ya rangi ya kucha. Akasogeza kile kichupa cha mafuta mpaka ukutani.

"Ungeniuliza, binti," alisema. "Wewe ndiye uliyekuwa unauliza kila kitu."

Nikachukua kisu kidogo, nikaanza kukwangua rangi ya kucha kwenye skrubu.

Ijumaa ulifika mkanda kutoka Tabora. Mzee Njiku alikataa hata kuusogelea. Alikaa kwenye kiti cha mlangoni mikono juu ya magoti. Niliujaribu mwenyewe kabla ya swala ya adhuhuri, ukumbi mtupu. Namba ikaruka hadi nane. Nikapitisha kidole kwenye kingo, kikang'aa mafuta. Kule Tabora walikuwa wanalainisha vizuri sana, kwa karatasi yangu, yenye mhuri. Mchana ule tuliziosha rili mbili kwa flana mpya na spiriti, tukazirudisha mashineni, namba ikakaa tatu.

Usiku sikulala vizuri nikiwaza ripoti. Ningeweza kuandika "vumbi" na wote tukapona, lakini Tabora na Shinyanga wangeendelea kupaka. Ningeweza kuandika "opareta amepaka mafuta", ambao ni ukweli, na Mkurugenzi angesoma sentensi hiyo moja na kufunga faili. Jumamosi asubuhi niliandika hivi: tatizo ni mafuta ya alizeti kwenye kingo za mkanda; prosesa ni nzima; njia hii ilikuwa sahihi kwa mikanda ya zamani, na ni fundi huyu aliyeandika karatasi ya kuieneza katika kumbi zote za kanda; opareta hakuhujumu, amefuata mafunzo yenye sahihi yangu. Nikatia sahihi tena.

Mkurugenzi aliisoma mara mbili amesimama.

"Kwa hiyo nilikuajiri wewe urekebishe ulichoharibu wewe."

"Ndiyo, Mkurugenzi."

"Njiku abaki, aoshe mikanda. Wewe leo ni mwisho."

Nilimaliza kazi kwa namna hiyo. Miezi miwili baadaye nilipanda basi kwenda Dodoma, Tabora na Shinyanga, nikakusanya zile karatasi zangu moja moja. Shinyanga opareta alinigomea, akasema karatasi ina mhuri na mimi sina. Nilirudi kwenye redio, kisha simu, nikafundisha miaka kadhaa chuo cha ufundi, na macho yalipoanza kukataa skrubu ndogo nikastaafu. Wanafunzi wangu wa zamani wakija kunisalimia huniuliza kama nilijutia ile ripoti iliyonitoa. Kupoteza kibarua kuliniuma, siwezi kudanganya. Lakini huwa naishia kuwasimulia habari ya alasiri ya Jumamosi ileile.

Nilikuwa nakusanya vifaa vyangu. Onyesho la saa kumi lilikuwa na ule mkanda wa Tabora, rili zote tumeshaziosha. Mzee Njiku alizivisha mashine zote mbili, akaanzisha, akatazama namba. Tatu. Kisha akanigeukia kwa haya, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani.

"Unaweza kunishikia rili mbili?"

"Unakwenda wapi, Mzee?"

"Chini."

Hapo ndipo nilipojua. Chumba cha mashine kina kispika kimoja kidogo cha kumjulisha opareta kwamba sauti ipo, basi. Spika za pembeni na za nyuma hazisikiki kule juu. Tangu aajiriwe, kila filamu ilipokuwa inaonyeshwa, yeye alikuwa kwenye mashine. Hajawahi kuketi na watu ukumbini hata siku moja.

Nilimtazama kupitia kidirisha. Alitafuta kiti katikati kabisa, akavua kofia, akaiweka magotini. Nilipokea rili ya pili kutoka ya kwanza bila mruko, nikavisha ya tatu kwenye mashine iliyobaki wazi. Mle kwenye rili ya pili kulikuwa na mvua kubwa inayonyesha usiku. Niliona kichwa cha Mzee Njiku kinageuka nyuma, kikabaki hivyo kwa muda. Rili ya pili ilipoisha nikaanzisha ya tatu, na nilipotazama tena kiti chake kilikuwa kitupu.

Akapanda ngazi taratibu, akaketi juu ya kasha la mikanda.

"Ile mvua ilinyesha nyuma yangu," alisema. "Nikageuka kuangalia kama wameacha mlango wazi."

"Ukaona nini?"

"Ukuta." Akafuta uso kwa kiganja. "Miaka ishirini na sita nawaonyesha watu mvua. Leo ndiyo na mimi nimenyeshewa."

Kisha akainuka kuvisha rili ya nne, maana ya tatu ilikuwa imeshaanza kwenda, nami nikampisha.